Mbao za dawa: Paa linaepuka mchwa, sumu inabaki uani

*Dodoma inajengwa usiku na mchana, na karakana nyingi za useremala ziko nyuma ya nyumba za watu. Makala haya yanafuatilia zinakoishia pumba na vipande vya mbao za kijani.*

Mashine inawashwa saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ni meza ya kupasulia mbao aliyoiunda fundi mwenyewe: mota, mkanda na msumeno wa mviringo usio na kinga, chini ya turubai nyuma ya nyumba huko Nkuhungu, jijini Dodoma. Pembeni kuna rundo la 2 kwa 4 za futi 12, rangi ya kijani iliyofifia. Nyingine bado mbichi, ukizishika mkono unalowa.

Msumeno unapoingia, pumba zinaruka. Ni Julai, na upepo wa Dodoma hauna haja ya kutambulishwa kwa mwenyeji. Unazibeba hadi kwenye kanga zilizoanikwa, kwenye ndoo ya maji isiyo na kifuniko, na kwa kuku wanaoparua chini ya meza. Fundi amejifunga kitambaa puani. Kijana wa deiwaka anayepokea mbao upande wa pili hana chochote usoni.

Saa nne, mashine ikiwa imezimwa, binti wa jirani anaingia na beseni. Anaokota vipande, anajaza, anashukuru, anaondoka. Vinakwenda kuivisha maharage.

Hakuna hapo aliyefanya jambo geni. Vipande vya seremala vimekuwa kuni za jirani tangu zamani, na maranda yake yamekuwa matandiko ya kuku. Lakini mila hiyo ilianza wakati mbao zilikuwa mbao tu.

Mji wa mchwa

Anayeshangaa kwa nini watu wananunua mbao zenye sumu hajawahi kujenga katika nyanda hizi za kati. Toka Chamwino hadi Manyoni, vichuguu vimesimama kila upande wa barabara. Mchwa wa huku hula fremu ya mlango kutokea ndani, ukaja kugundua siku kitasa kinapobaki mkononi.

Wagogo waliishi na tatizo hilo kwa namna yao. Tembe, nyumba yao ya paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, ilikaa juu ya nguzo za miti migumu, na nguzo iliyoliwa ilibadilishwa. Baadaye, aliyekuwa na uwezo alitumia mninga, mti wa miombo ambao mchwa hawautaki. Sasa mninga ni ghali, unatoka mbali, na kila unaokatwa bila mpango ni jeraha kwa misitu ya Tabora, Katavi na Singida.

Halafu ukaja mwaka 2016. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwapo kwenye makaratasi tangu 1973, ila Rais John Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahama, watu waliona safari hii si maneno. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji hilo, na kila familia inataka paa: Ilazo, Nzuguni, Iyumbu, Mkonze, Nala, hadi Ihumwa na Mtumba kwenye mji wa Serikali.

Mbao za mapaa hayo zinatoka kusini. Ni msindano, mti unaokua haraka katika mashamba ya Mufindi na Njombe, likiwamo Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali. Fuso zinapanda na mizigo kwa barabara ya lami ya Iringa kupitia Mtera. Msindano ni mwepesi, umenyooka, na bei yake inabebeka. Kasoro yake ni moja: ukiuacha bila dawa Dodoma, mchwa wanamaliza kazi mapema kuliko mwenye nyumba anavyomaliza mkopo.

Kwa hiyo dawa si anasa. Inaokoa nyumba, na inaokoa mninga pia. Hilo nalisema mapema ili msomaji asidhani makala haya yanamtaka arudi kwenye tembe.

Kilichomo ndani ya kijani

Dawa inayozipa mbao nyingi rangi ile ya kijani inaitwa kwa kifupi CCA. Ni mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki, uliobuniwa India mwaka 1933 na mtaalamu aitwaye Sonti Kamesan. Shaba inazuia ukungu. Aseniki inaua mchwa. Kromiamu inazifunga hizo mbili kwenye nyuzi za mbao ili mvua isizioshe.

Inavyotiwa ni hivi. Mbao zilizokauka zinaingizwa kwenye tangi refu la chuma, mlango unafungwa, hewa inanyonywa. Dawa inamiminwa na kusukumwa kwa presha mpaka inazama ndani. Zikitolewa, zinapaswa kukaa kiwandani kwanza, siku kadhaa au hata wiki kadhaa kulingana na joto, ili dawa ishike. Katika kipindi hicho kromiamu bado iko katika hali yake kali zaidi, ile inayosababisha saratani na kuchubua ngozi. Mbao inayolowesha mkono wa fundi wa Nkuhungu huenda haijamaliza muda huo.

Kiasi gani cha sumu kimo? Tufanye hesabu, maana watu wengi hudhani ni kidogo cha kupuuzwa. Kiwango kilichozoeleka Marekani kwa mbao zisizogusa ardhi kilikuwa kilo 4 za dawa kwa kila mita ya ujazo ya mbao. Zaidi kidogo ya moja ya tano ya dawa hiyo, kwa uzito, ni aseniki yenyewe.

Chukua 2 kwa 4, yaani sentimita 5 kwa 10. Msumeno wenye unene wa milimita 3 ukiikata mara moja kwa upana, unatoa sentimita za ujazo 15 za pumba, kama kiganja kimoja. Ndani ya kiganja hicho, ikiwa mbao ilitiwa dawa kwa kiwango hicho, kuna miligramu 13 hivi za aseniki. Ukiipasua kwa urefu wote wa futi 12, aseniki iliyomo kwenye pumba inakaribia nusu gramu.

Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita. Miligramu 13, zikiyeyuka zote, zinafikisha kikomo hicho katika lita 1,300: mapipa sita na nusu ya lita 200.

> Pumba za mkato mmoja wa 2 kwa 4 zina aseniki ya kufikisha kikomo cha maji ya kunywa katika lita 1,300.

Hapa haki itendeke. Aseniki hiyo haiyeyuki yote, kwa sababu kromiamu imeifunga. Mbao iliyokaa kwenye kenchi, juu ya dari, haigusi mtu wala hainyeshewi, na sijui kwa nini mtu alale macho kwa ajili yake. Marekani yenyewe, viwanda vilipokubaliana na mamlaka ya mazingira kuacha kuuza mbao za CCA kwa matumizi ya nyumbani kuanzia mwisho wa 2003, haikuwaamuru watu wabomoe zilizokwisha kujengwa. Ulaya nayo ilibana matumizi hayo mwaka uliofuata, ikaacha mlango wazi kwa matumizi ya viwandani.

Hatari inaanza pale mbao inapogeuzwa unga, na pale inapochomwa.

Hoja ya fundi

Ongea na mafundi wa Chang'ombe, Majengo au Kizota, hoja zao zinafanana, na si za kijinga. Wanasema wamekata mbao hizi miaka na miaka na bado wanapumua. Wanasema barakoa nzuri inabana na joto la Oktoba halichezewi. Wanasema mteja anataka kenchi leo, halipi bei ya miwani. La mwisho ndilo zito: anayenunua mbao ni mwenye nyumba, anayezikata ni fundi, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa dukani kuna nini ndani yake.

Tatizo la hoja ya kwanza ni kwamba madhara ya aseniki na ya vumbi la mbao hayaji siku ileile. Vumbi la mbao lenyewe, hata lisilo na dawa, liliwekwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani mwaka 1995 katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Ushahidi ulianza High Wycombe, mji wa watengeneza viti Uingereza, ambako madaktari katika miaka ya 1960 walishangaa kuona saratani ya ndani ya pua, ugonjwa adimu, ikiwapata maseremala wengi kupita kawaida. Wagonjwa wengi walikuwa wameanza kazi hiyo miongo kadhaa nyuma.

Kwa hiyo anayejigamba kwamba yeye hukata mninga tu asijione amepona. Unga wa mninga unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuamsha pumu, na wa mvule vilevile. Mbao za dawa zinaongeza sumu nyingine mbili, aseniki na kromiamu, juu ya vumbi ambalo tayari lilikuwa na kesi.

Kuna pia hatari isiyosubiri miaka. Mbao mbichi ya dawa ni nzito, inabana msumeno katikati ya mkato, na mashine inairudisha kwa nguvu kumwelekea aliyeisukuma. Wanaofunga meno ya msumeno kwenye grinda, kifaa kilichotengenezwa kusagia chuma, wanaongeza kasi na kuondoa kinga kwa pamoja. Makovu ya vidole katika karakana zetu yana historia hiyo.

Jikoni na bandani

Turudi kwa beseni la vipande, maana hapo ndipo naona hatari kubwa kuliko mezani kwa fundi.

Mwaka 1984 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari za familia moja ya watu wanane katika kijiji cha jimbo la Wisconsin. Kila majira ya baridi waliugua: nywele zikinyonyoka, vipele mikononi na miguuni, damu ikitoka puani, misuli ikikakamaa, wengine wakizimia na kupata degedege. Kiangazi walipata nafuu. Ilichukua miaka kujua kwamba jiko lao la kupashia nyumba joto lilikuwa likichoma mabaki ya mbao zilizotiwa CCA. Walioumia zaidi walikuwa wale waliokaa ndani kutwa, watoto wachanga wakiwamo.

Moto unavunja kile kifungo cha kromiamu. Sehemu ya aseniki inapanda na moshi, inayobaki inajikusanya kwenye majivu, na kwa kuwa majivu hayaifungi tena, maji yanaichukua kwa urahisi. Sasa fikiria majivu yanakwenda wapi katika nyumba ya Dodoma. Yanasugulia masufuria. Yanamwagwa kwenye bustani ya mchicha. Kwenye choo cha shimo. Watoto wanayachezea.

> Moto hauui sumu hii. Unaigawa: sehemu kwa mpishi, sehemu kwa majivu.

Kuna na jiko la pumba, lile la debe ambalo pumba zinashindiliwa kuzunguka chupa au mti kisha chupa inachomolewa. Ni ubunifu mzuri wa watu wasio na hela ya mkaa, linawaka kutwa. Likishindiliwa pumba za kijani, linatoa moshi wa aseniki kutwa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati hiyo ifikapo 2034. Mpaka mtungi wa gesi ufike kwa yule binti wa Nkuhungu, vipande vitaendelea kuokotwa.

Wafugaji wa kuku nao. Maranda ni matandiko ya vifaranga kila mtaa, na kuku kazi yake ni kuparua na kudonoa. Huwezi kumkataza asile anachokalia. Ushauri wa Marekani kwa mbao hizi ulikuwa wazi tangu zamani: pumba zake zisitumike kama matandiko ya mifugo, wala mbao zake zisiguse chakula.

Wafugaji wa nyuki wa Kondoa, Manyoni na Singida wasikilize hapa. Mbao za kijani haziozi, kwa hiyo zinashawishi kutengenezea mizinga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka huohuo wa 1984 ulikuta kwamba mizinga iliyotiwa CCA ilipoteza makundi mengi zaidi ya nyuki, na nyuki wenyewe walikutwa na aseniki mwilini. Dawa ya kuua wadudu haichagui mdudu.

Sheria inaishia getini

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na OSHA ndiyo wakala wa kuisimamia. Kemikali za viwandani na majumbani ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mazingira yana sheria yake ya 2004. Viwango vya bidhaa ni kazi ya TBS. Ukiugua kwa sababu ya kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Ukizisoma zote kwa pamoja utaona zinamlenga mtu mmoja: mwajiriwa wa kiwanda chenye bango. Kiwanda cha kutia dawa kule Mafinga kinaweza kukaguliwa tangi lake na mfereji wake. Meza iliyo nyuma ya nyumba haina usajili, kijana wa deiwaka hana mwajiri anayemchangia, na binti mwenye beseni si mfanyakazi wa mtu yeyote. Mlolongo wote wa ulinzi unakatika pale Fuso inaposhusha mzigo.

Kupeleka wakaguzi kila uani si jibu. Serikali haina watu hao, na fundi akisikia mkaguzi atahamishia mashine porini. Kinachowezekana kesho asubuhi ni kwenye duka la mbao, mahali pachache panapojulikana: mbao ziwe na mhuri unaosomeka, unaotaja aina ya dawa na tarehe ilipotiwa, na karatasi moja ya Kiswahili inayosema usichome, usifugie, usitengenezee meza ya chakula. Asiye na karatasi hiyo asiuze. Hilo ni jambo TBS na wauza mbao wanaweza kulimaliza bila kumgusa fundi.

Kukata bila kujiumiza

Kwa sasa, kazi ipo na itaendelea. Anayekata nyumbani ana mengi anayoweza kufanya, na mengi hayana gharama.

La kwanza ni kukata kidogo. Pima paa vizuri, nunua urefu unaokaribia unaouhitaji, na mbao mbichi iache ikauke chini ya kivuli, imepangwa kwa nafasi, mpaka uso wake usiloweshe mkono. Mikato michache ya kenchi inaweza kufanywa kwa msumeno wa mkono. Unachosha, lakini unatoa chembe kubwa zinazodondoka miguuni badala ya unga unaopaa. Kupiga msasa au randa mbao hizi ni kutafuta balaa.

Kama ni mashine, iwe nje na upepo uwe mgongoni, ukipeleka vumbi mbali na nyumba, na nguo na ndoo zikiwa zimeondolewa kwanza. Tandika turubai chini. Msumeno uwe na meno makubwa na makali, kinga yake irudishwe, na wewe usisimame kwenye mstari wa mbao inayoweza kurudi. Sentimita za mwisho sukuma kwa kijiti, si kwa kidole.

Kitambaa cha puani hakizuii unga mwembamba. Barakoa inayofaa ni ile ngumu ya daraja la N95 au FFP2, ambayo wengi waliijua wakati wa Uviko. Inabidi ikae sawasawa usoni, na mwenye ndevu nyingi haimnufaishi sana. Kijana anayepokea mbao anahitaji yake, kwa sababu vumbi linamfuata yeye kuliko fundi. Miwani, mikono mirefu, na maji ya sabuni kabla ya chai. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto.

Turubai likunjwe na pumba zimiminwe kwenye gunia, vipande pia, lifungwe mdomo na lipelekwe na gari la taka hadi dampo la Chidaya. Si mahali pakamilifu kwa sumu hii, ila ni bora kuliko jiko au banda, na bora kuliko kufukia ardhini katika jiji linalokunywa maji ya visima vya Mzakwe.

Shida ya kutupa haiishii kwenye pumba. Marlborough, eneo la mashamba ya zabibu huko New Zealand, linahangaika na marundo ya nguzo za CCA zilizovunjika, ambazo haziruhusiwi kuchomwa na ni ghali kuzitupa. Wakulima wa zabibu wa Hombolo, Bihawana na Mpunguzi wanaofikiria nguzo za dawa kwa ajili ya nyaya zao wajue kwamba siku ya kuzing'oa nayo itafika.

Kuna dawa nyingine

Kenchi haikai mvuani. Kwa mbao inayobaki kavu chini ya bati, chumvi za boroni zinazuia mchwa na hazina aseniki. Udhaifu wake ni kwamba maji yanaziosha, kwa hiyo hazifai kwa nguzo ya uzio. Kwa mbao za nje kuna dawa za shaba zisizo na aseniki wala kromiamu, ambazo ndizo zilizochukua nafasi ya CCA Marekani. Zinakula misumari ya kawaida, zinataka iliyopakwa zinki. Kupaua kwa chuma nako kunaenea mjini, kwa wenye uwezo.

Boroni haina rangi, na dawa za shaba nazo ni za kijani. Macho hayatoshi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji ni dawa gani, ilitiwa lini, na kiwanda kipi. Kata ncha ya mbao moja uone kama rangi imezama au imepakwa juu tu, na unga wa ncha hiyo uingie kwenye gunia. Akishindwa kujibu, ichukulie kuwa ni CCA, na umwambie fundi wako hivyo kabla hajawasha mashine.